Vikombe vya China

Juzi mjini Meru, katika duka la vyombo, mbele yangu alisimama mama aliyetarajia wageni. Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yake wangefika Jumamosi, na hakutaka aibu.

"Nataka vikombe vya china," akamwambia muuzaji.

"Hizi zote ni za China, mama."

"Za China sitaki. Nataka china yenyewe, kama ile mamangu alikuwa anawekea wageni."

Muuzaji akanitazama kana kwamba mimi ni mkalimani. Nyuma yangu mwalimu mmoja mstaafu akacheka polepole.

"Nyinyi wawili mnasema kitu kimoja," akasema. "Wengi wanaamini jina lilitokana na Chin, ufalme wa zamani kule. Wenyewe huiita Nchi ya Katikati, lakini wageni wakashika China. Halafu Waingereza waliponunua vyombo vyao vya kauri, wakaviita jina la nchi."

"Kwa hivyo mamangu alikuwa anaringa na kitu ya China?"

"Na alikuwa na haki ya kuringa."

Hapa kwetu, tukisema kitu ni cha China tunamaanisha hakitafika Krismasi. Mama huyo aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha mpaka kivuli cha vidole vyake kikaonekana upande wa pili. Akatabasamu; hii ilikuwa china yenyewe, ile inayopitisha mwanga.

"Nifungie hizi."

Nje, dereva wa tuk-tuk alimuuliza amebeba nini.

"China," akasema, na hakuona haja ya kueleza zaidi.