Salama ya Mama Genoveva

Zakia Fakihi wa Mitwero alikuwa mbishi tangu utoto, na ubishi huo ndio uliomfanya aanzishe kampuni chumbani kwake, bila ofisi wala kibao. Aliiita Sikio. Mkulima wa korosho alipiga namba, akaeleza kwa Kimwera au Kiswahili mikorosho yake ina nini, na mashine ikamjibu kwa sauti apulize dawa gani na lini. Kwa wazee wasiojua kusoma lilikuwa jambo kubwa. Zakia mwenyewe alipita vijiji vya nyuma ya Mchinga akiwaahidi kwamba watakachosema kitabaki kwake.

Balaa lilianzia kwenye adabu. Wanaotengeneza mashine za namna ile hudhani mtu akipiga simu atauliza swali lake na kukata. Huku, nani anaomba shauri bila kusalimia? Mama Genoveva, mkulima wa vijiji hivyo, alianza kwa hodi, akajitaja kwa jina la mwanawe kuwa mama Klementi, kisha akatoa habari za nyumbani: salama, ila mumewe, mzee Nikodemo, kifua kimembana tena, akizidiwa itabidi wauze shamba la bondeni wampeleke hospitali. Ndipo akauliza juu ya unga mweupe kwenye maua ya mikorosho. Zakia alizisikiliza salamu hizo na kucheka kwa mapenzi. Hakuzifuta, maana ndizo zilizokuwa zikiifundisha mashine Kimwera.

Kisha akapatikana mwekezaji wa Dar es Salaam. Alitaka sauti zote ziandikwe ili mashine iwe hodari zaidi.

"Majina tutayaondoa," alisema. "Nani atawajua?"

Zakia akakubali. Hakurudi vijijini kuwauliza wenye sauti zao. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, naye alikuwa na haraka ya kukua. Mbishi yule aliyebishana na kila mtu, siku hiyo hakubisha hata kidogo, na inaudhi kusimulia.

Huko Dar mwekezaji hakupata mtu wa kumwandikia Kimwera, akamwajiri Jerome, mtu wa Lindi. Jerome aliondoa majina yote kama alivyoagizwa. Lakini sauti ya Mama Genoveva aliifahamu tangu akiwa mdogo, na mjomba wake alikuwa dalali wa mashamba. Siku mzee Nikodemo aliposhindwa kuinuka kitandani, dalali alikuwa ameshafika uani, akitaja bei anayotajiwa mtu asiye na pa kukimbilia. Shamba la bondeni likaenda hivyo.

Jioni ile Sikio ilipokea ujumbe usio na hodi wala salamu.

"Zakia, nimeuza bondeni. Aliyekuja alikuwa anajua kila kitu. Mimi sikumwambia mtu ila wewe."

Zakia aliurudia ujumbe ule kuusikiliza. Alivunja mkataba na mwekezaji, akafuta sauti zote, na mashine ikabaki bubu kwa Kimwera. Kampuni ikafa. Shamba halikurudi. Barabara ilipokauka akapanda bodaboda hadi kwa Mama Genoveva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akapewa kigoda na chai, vyote kwa heshima ileile ya zamani.

"Mama, kosa ni langu. Nilitoa sauti yako bila kukuomba."

"Nimesikia. Yamekwisha. Kunywa chai."

Zakia alitamani kutukanwa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza, "Habari za hapa nyumbani?"

"Salama."

Akangoja. Alikuwa amesikia salama ya mama huyu mara nyingi kwenye simu, na kila mara ilifuatwa na ila. Safari hii haikufuatwa na kitu. Ndani, nyuma ya mlango uliokuwa wazi kidogo, mzee Nikodemo alianza kukohoa, akakohoa mpaka pumzi ikamkatika.

"Na baba anaendeleaje?"

"Salama," alisema Mama Genoveva, akainuka, akaenda kuufunga mlango.