Mbwa Aliyefuata Mbuzi

Glinezbah alikuwa na ulimi mkali, na kwa kulea mbwa wa zizini hakuwa na mpinzani. Kwao Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, mtoto wa mbwa hulazwa na wana-mbuzi au wana-kondoo, akanyonya pamoja nao, na mtu hampapasi kamwe. Akizoea mkono wa binadamu atahamia mlangoni, na mbweha watajilia zizini. Mjukuu aliyenyoosha mkono alifinywa.

Lizhin, mbwa wake mweusi, alilelewa na mbuzi.

Mwaka huo serikali ilisema mifugo imemaliza malisho ya nchi. Wakaja wanaume wenye bunduki kuipunguza.

“Chagua, mama. Mbuzi au kondoo?”

“Na wewe chagua: mama yako au shangazi yako?”

Hakuna aliyecheka. Sufi ya kondoo ndiyo iliyowalisha wajukuu, kwa hiyo akatoa mbuzi. Walipigwa risasi korongoni, wakaachwa hapo waoze, nyama yote ile. Glinezbah hakuwasamehe wanaume wale mpaka anakufa.

Lizhin aliwafuata mbuzi, asirudi. Mbweha wakaanza kuwachukua wana-kondoo mmoja mmoja.

“Dada, kamfunge kamba umlete,” alisema kaka yake, Hoskie. “Hivi hivi utabaki na zizi tupu.”

“Kamba ataijulia wapi? Yule hajui hata kama ana mwenyewe.”

Hata hivyo alishuka korongoni. Lizhin alikuwa amelala kando ya mifupa, amekonda, bado analinda. Alipomwona, akamkoromea kama mwizi.

“Mimi ndio unanikoromea? Mimi?” Halafu akarudi nyuma hatua moja. “Haya. Si ndivyo nilivyokulea.”

Akakaa juu ya jiwe, akalia bila kujificha.

Kesho yake alirudi, safari hii akiwaswaga kondoo wote waliobaki. Hoskie alisema amerukwa na akili. Mwana-kondoo mmoja akalia. Lizhin akainua kichwa, akasikiliza, akarudi kulala. Mwingine akalia. Glinezbah akangoja. Hatimaye mbwa akainuka kwa shida, akawanusa kondoo mmoja baada ya mwingine, akaingia katikati yao.

Walipoanza kupanda, Lizhin alimpita Glinezbah karibu mno hata mbavu zake zikagusa sketi yake. Mkono wa Glinezbah ukatoka wenyewe kwenda kichwani kwake. Akaurudisha, akaubana kwapani, akawafuata nyuma mpaka nyumbani.