Hiba Iliyoandikwa Wasia

Maalim Awadh huwaandikia watu hati na barua karibu na soko la Malindi, na mimi Mishi nauza mahamri ubavuni mwa meza yake. Mwaka wa kumi na moja huu. Ni mtu mwema, ila apenda maneno mazito, na hilo ndilo lililomponza.

Mzee Mahir wa Shella alimjia akiwa mzima wa afya, akamwambia, "Awadh, niandikie. Nyumba nimempa binti yangu Sahla." Funguo keshamkabidhi, mwenyewe kahamia chumba cha uani. Kwa sheria yetu hiyo ni hiba: umetoa ungali hai, mwenzio kapokea, basi mali imekutoka. Lakini Maalim aliliona hiba neno jepesi, la kupeana kanga. Akaandika wasia, kwa mwandiko mzuri. Na wasia haufanyi kazi mpaka mwenyewe afe, tena mrithi haachiwi wasia ila warithi wenzake waridhie.

Mzee akafa. Kaka zake Sahla hawakuridhia. Mbele ya kadhi Maalim aliulizwa marehemu alitamka neno gani. Akajibu, "Kama nilivyoandika." Aliona haya kukiri kosa mbele ya watu. Nyumba ikauzwa, kila mtu akachukua fungu lake, na Sahla akahamia chumba cha kupanga huko Ganda pamoja na wanawe.

Tangu hapo Maalim hana raha. Kichochoro cha nyumba ile ya Shella hakipiti asilani. Mchana kweupe, kalamu mkononi, husita akageuka nyuma.

"Mishi, umemsikia?"

"Nani?"

"Mzee Mahir. Asema, nimempa."

Siku aliyonieleza kisa chote nilimpasulia. Nilimwambia maiti hasemi, ni nafsi yako inayokusuta. Mficha uchi hazai, nenda kamwambie mtoto wa watu. Akaninunia wiki nzima. Mwoga yule! Kuna siku nilimchukia, Mungu anisamehe.

Jumanne iliyopita Sahla alikuja mwenyewe, ataka barua ya kupeleka shuleni kwa mwanawe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Maalim akaandika mstari mmoja. Akaiweka kalamu.

"Sahla, babako hakuusia. Alisema nimempa. Wasia niliandika mimi, na kwa kadhi nikaficha. Nitarudi nikaseme kweli."

Nikangoja amtukane. Mimi ningemtukana mpaka sauti inikauke. Sahla aliushika ushungi wake mdomoni. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Nyumba ishakwenda, ami," akasema. "Lakini miaka minne sijamwombea baba hata dua moja. Nilidhani alinihadaa."