Siku Bibi Alipokalia Mikono Yake

Juzi jirani yangu alikuwa anapiga debe tupu kwa mwiko, sijui anafukuza kuku au anamwita mtoto, nikajikuta nimeacha vyombo kwenye karai nacheka peke yangu. Mlio wa debe ndio niliolelewa nao. Wanyamwezi tuliolima mtama tunaujua: alfajiri unapanda juu ya dungu lako, jukwaa la miti katikati ya shamba, unapiga debe na kupaza sauti, "Swaa! Swaa!", mpaka ndege wachoke wahamie kwa jirani. Kazi hiyo ni kuamia ndege, na bibi yangu, Bibi Nyamizi, alikuwa bingwa wake.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo unamwendeaje kumwomba nafaka ya kulisha ndege?

Nilikuwa darasa la nne, mimi na Bibi tukiishi wawili tu pembezoni mwa mtaa wa Chemchem. Mwalimu Zuhura, mgeni kwetu na mtu wa mipango mingi, alitangaza kwamba mtaa mzima utatengeneza picha kubwa chini, pale uwanjani: wapagazi wa zamani waliopita hapa kwetu na mizigo kichwani. Hakuna rangi, hakuna gundi, hakuna plastiki. Ni udongo, majani makavu, karanga, alizeti na nafaka, vyote vishikizwe kwa uji mzito. Kiangazi kilikuwa kinaishia, porini hakuna kitu, kwa hiyo ndege na kindi wangealikwa waile picha yote. Kila mtoto alete bakuli moja.

Bibi aliposikia alicheka kwanza, halafu akakasirika.

"Mama yako nilimnyonyesha juu ya dungu, mkono mwingine unapiga debe. Leo niwakaribishe wale wezi kwa bakuli? Thubutu!"

Basi nikaiba. Wakati ule tulikula unga wa dukani. Nafaka nzima ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, mtama mwekundu uliochanganywa na majivu usiliwe na wadudu. Ilikuwa mbegu ya kupanda. Nilijua vizuri, sijitetei. Nikamimina wote, nikajaza mchanga ili kibuyu kisionekane chepesi, na nikajiona nina akili sana.

Mwalimu alipouona mtama wangu alifurahi mno. Akanipa tumbo la mpagazi wa mbele nilitengeneze, na mimi kwa kupenda sifa nikampa kitambi ambacho mpagazi wa kweli asingefika nacho hata Nzega.

Jumamosi asubuhi uwanja ukajaa. Tuliambiwa tusimame mbali, kimya, mwalimu ameinua simu arekodi. Tetere wa kwanza akatua kwenye kitambi changu.

"Swaaa!"

Alikuwa Bibi. Tetere akaruka.

"Bibi, shikamoo," mwalimu alisema kwa upole. "Hawa tumewaalika."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, mkono umekwenda wenyewe."

Ndege wakarudi, safari hii kundi zima. Bibi alijikaza, jasho linamtoka, lakini bibi mwingine nyuma yake akashindwa, na mwenzake naye, na kufumba na kufumbua wanawake wazee wote wa mtaa walikuwa wanapunga kanga, "Swaa! Swaa!", vijana hoi kwa kicheko. Masikini mwalimu, alikaribia kulia.

Bibi akamsogelea kumwomba radhi, na pale ndipo macho yake yalipoangukia kitambi. Akainama, akabandua punje moja, akaitazama majivu yake, akaing'ata.

"Mtama huu kaleta nani?"

"Mjukuu wako Kalunde!" mwalimu alisema. "Hakuna mtoto aliyejaza bakuli kama yeye." Watu wakanipigia makofi.

Bibi akaniangalia. Mvua zilikuwa zimekaribia, na angeweza kuikwangua mbegu yake pale pale, kila mtu akajua mwizi ni nani.

"Ndiyo," alisema. "Nilimpa mimi."

Akaketi chini, akatia viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia. Tetere wakaja, na kwelea, wakala mbele yake mpaka udongo ukaonekana. Kila walipodonoa, mabega yake yalishtuka.

Sikupigwa. Kesho yake tulitembea hadi kwa wifi yake, karibu na Kipalapala, mimi nimebeba kibuyu kitupu. Wifi huyo aliishiwa mbegu kila mwaka, akaja kwetu kuomba, na kila mwaka Bibi alimsimanga. Sasa Bibi alisimama mlangoni, akauliza habari za watoto, za mbuzi, za kuku, mpaka salamu zikaisha.

"Wifi, naomba mbegu. Panya wamenimaliza."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyamizi! Wewe? Leo nimeyaona!" Akamsema kuanzia mlangoni hadi ghalani, na Bibi, ambaye mdomo wake uliogopwa mtaa mzima, akaitikia tu, "Kweli, wifi. Kweli."

Njiani akaniambia, "Panya wangu, shika kibuyu vizuri." Nami nikawa narukaruka kwa furaha, nimeepuka fimbo.

Nilidhani kilichomuuma ni mtama. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa jinsi ilivyomgharimu kusimama kwenye mlango ule, na kwamba alikubali asimangwe yeye ili mtaa usiniite mimi mwizi. Bibi amefariki, na sikuwahi kumwomba radhi.