Nusu Kidonge cha Xiaoman

Siku ya kwanza Tao Guizhen kuketi mbele ya Daktari Shen, alimwona kama mchuuzi anayekataa kutaja bei. Binti yake Xiaoman alikuwa amevimba macho na miguu. Figo zilikuwa zikivujisha protini. Dawa yake ni vidonge vya steroidi, ambavyo mjini kwao, mkoani Hunan nchini China, watu huviita homoni kwa sauti ya kumtaja nyoka.

"Vitamponya?"

"Watoto wengi huitikia. Wachache figo zao hugoma."

"Wangu yuko upande gani?"

"Ndicho tunachokitafiti. Tunapima damu mapema tuone kama tunaweza kubashiri. Yake inaelekea kwa wagomaji, ila kipimo bado kichanga."

"Daktari, mimi nauza tangawizi. Nikimwambia mteja huenda imeoza, huenda haijaoza, atanunua?"

Shen akacheka. "Avimeze mwezi mzima, kila asubuhi. Tusipoona nafuu, tutamchoma sindano ya figo tutoe kinyama tukichunguze, kisha dawa kali zaidi."

Guizhen hakutaka sindano hiyo imkaribie mtoto. Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, alichemsha mkojo wa Xiaoman kwenye kopo, akadondoshea siki. Ukigeuka mweupe kama maji ya mchele, protini bado inavuja. Leo mweupe, kesho afadhali, keshokutwa mweupe tena. Hakuelewa kitu.

Mwezi ukaisha. Shen akamtazama mtoto, akakunja uso. "Mbona uso haujajaa? Vidonge hivi huwavimbisha mashavu."

Aliyempa mtoto vidonge baada ya uji, Guizhen akiwa sokoni, alikuwa mama mkwe wake, Bibi Kuang. Guizhen akamkuta jikoni.

"Mama, vidonge unampaje?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya alichotaja daktari. Wewe ukitajiwa kumi si unatoa tano? Kila dawa ina sumu yake. Nikamwongezea supu ya kuku mweusi."

"Mama, daktari si muuza kabichi."

"Wote huanzia juu, mwanangu."

Nyumba nzima ilipata riziki kwa kubishania bei hivyo hivyo.

Shen aliposikia habari ya nusu, aliahirisha sindano, vidonge vikaanza upya, kamili, mkononi mwa Guizhen mwenyewe. Baada ya majuma machache mkojo ukachemka, ukabaki mwangavu, na ukaendelea hivyo.

"Basi damu ilidanganya?" akauliza.

"Labda. Au ni wa kuchelewa kuitikia. Au ile nusu ilivuruga mambo. Siwezi kumweka tena kwenye utafiti wangu."

"Ugonjwa utarudi?"

"Hilo nalo sijui, mama."

Shen akapoteza mtoto mmoja wa utafiti. Bibi Kuang akawaambia majirani kwamba kuku ndiye aliyeponya, na hakuna aliyeweza kumpinga kwa ushahidi. Guizhen akamrudisha nyumbani Xiaoman asiyechomwa sindano, mashavu yamejaa kama mkate wa mvuke. Jibu alilolifuata hospitalini, hakulipata.