Figo Moja ya Kuliwa, Moja ya Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa darubini. Nilionyeshwa pikipiki na kopo la barafu. Mkuu wa Maabara, mama wa Sotik tuliyemwita Daktari, akaniambia, "Nenda kichinjio cha Kaplong uniletee figo za mbuzi. Usikae huko. Ukikaa, unaniletea nyama, si seli."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kuuza kuku, na nadhani aliniajiri kwa sababu niliuliza mshahara mara mbili kabla hajamaliza kuutaja.

Kichinjioni nilimkuta mchunaji, Mzee Cheruiyot, akinoa kisu. Nilimtajia bei. Akanitazama kama nimemwomba aniuzie blanketi alilojifunika.

"Figo ni ya mchunaji. Haiuzwi. Inachomwa hapa, inaliwa hapa."

"Nikiongeza?"

"Mtu wa Kisii, hata ukiongeza mkungu wa ndizi. Nikikupa, unakaa unakula na sisi. Mtu hachukui figo anaenda kama mwizi."

Tulivutana mpaka tukaelewana: figo moja tuile pamoja, ya pili iingie kwenye barafu. Nilikula nikiwa nimesimama, mguu mmoja tayari kwenye pikipiki.

"Tafuna," mzee alisema. "Imeshakufa, haitakimbia."

Yeye hakujua kwamba ya kwenye kopo ndiyo iliyokuwa ikikimbia. Seli za figo hazisubiri mtu amalize kutafuna.

Wakulima wa chai walinisimamisha njiani kuuliza kama tunauza urea, maana kwao urea ni mbolea. Ni kitu kilekile. Mwili huitengeneza ukivunja protini. Figo hutoa nyingine kwenye mkojo na kubakiza nyingine ndani kabisa, ivute maji tusikauke. Ili ipite haraka kwenye utando wa seli, inahitaji lango, na lango lenyewe ni protini. Mwili ukiwa na kiu, homoni fulani hubisha na lango hufunguka. Kazi yetu ilikuwa kulichunguza lango hilo.

Tulikatakata sehemu ya ndani ya figo, tukaiachanisha kwa kimeng'enya, tukahesabu seli kwenye kioo chenye miraba. Kisha tulizipanda juu ya kichujio chembamba, tukazilisha na kuziweka kwenye kabati lenye joto la mwili. Zikishikana bila kuacha pengo, kama shamba la chai ukilitazama kutoka kilimani, tulitia homoni, tukaweka urea upande mmoja na kupima iliyofika upande wa pili.

Taabu ilianza tulipolinganisha matokeo. Seli za siku za kawaida zilifungua malango homoni ilipobisha. Za siku ya soko zilisinzia.

"Siku ya soko unakawia," Daktari alisema.

"Nakula figo moja tu, Daktari, kama siku zote."

"Basi unahesabu vibaya."

Niambie mimi ni mchoyo, nitakubali. Lakini kuhesabu vibaya? Akaongeza, bila hasira, "Wafadhili wanangoja. Kama tatizo ni mkono wako, mkataba wako sitauongeza."

Nikakosa utulivu. Nilihesabu kila kioo mara mbili, nikahesabu tena mwenzangu wa meza ya pili alipokwenda kunywa chai. Nilimeza figo bila kutafuna, nikakimbiza pikipiki mpaka polisi wa barabarani wakanijua kwa jina. Siku ya soko, seli zilisinzia vilevile.

Mwishowe Daktari alivaa gambuti akasema twende wote. Kichinjioni hakutazama kisu wala saa yangu. Alisimama kwenye zizi akitazama matumbo ya mbuzi.

"Mzee, hizi zimelamba chumvi?"

"Za soko? Zote, mama. Mbuzi inauzwa kwa macho. Inalamba chumvi, inakunywa maji, tumbo inajaa, mnunuzi anafurahi. Zile za siku ingine zinatembea kutoka Ndanai, zinafika zimekauka."

Daktari aliketi kwenye jiwe. "Baba yangu aliuza hivyo," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nateka maji."

Mbuzi aliyejaa maji hana haja ya kufungua malango, na pengine seli zake zilikuja kwetu na usingizi wa mwenyewe. "Pengine," Daktari alirudia. "Tutajua tukijaribu." Tulinunua mbuzi wetu, bei nikaipigania mimi, tukawanywesha wengine na kuwanyima wengine kwa muda. Matokeo yakafuata maji, siku ya soko na siku isiyo ya soko.

"Mkono wako ni mzima," Daktari aliniambia, akasaini mkataba wangu. Niliusoma mara mbili mbele yake.

Fedha za mradi zilipokwisha nilihamia maabara ya hospitali, kupima urea kwenye damu ya wagonjwa. Huko nilipowaona watu benchini wakingoja namba moja tu, ile ya kipimo cha urea yao, nilielewa Daktari alikuwa na haraka ya nini. Nikastaafu hapo.

Vijana wa maabara wakinitembelea kulalamika kwamba seli zao hazitii, nawauliza mbuzi alikunywa nini. Wanacheka, maana siku hizi seli zao huja kwenye chupa. Nawaambia hata ya chupa ilitoka kwa mtu au mnyama, na huyo alikuwa na siku yake.

Majirani wakichinja hunipa figo, kwa heshima. Nakula nikiwa nimesimama. Mke wangu husema, "Baba, keti. Hakuna anayekungoja."

Naketi. Mguu mmoja unabaki nje ya kiti.