Mshika Antena wa Alby

Mashauri alitoka Shinyanga kuja Stockholm kusomea umeme, na kufikia mwaka 1976 umeme alioupata ni ule wa kushika antena. Televisheni yake pale Alby, kitongoji cha Stockholm, ilikataa kutoa picha mpaka yeye asimame nyuma yake, antena mkononi, mkono juu. Akiachia, chenga tupu. Kwa hiyo aliyeinunua ndiye peke yake ambaye hakuwahi kuitazama.

Kila Jumamosi sisi majirani tulijazana kwake kuangalia mchezo wa Kimarekani wa chombo cha angani. Humo walikuwamo Weusi, Weupe na viumbe wenye masikio ya popo, wanakula meza moja, na hakuna anayeulizwa kibali cha kuishi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiswidi. Aliyeyasoma upesi kuliko wote ni Getrude, mkewe, basi yeye ndiye aliyetutafsiria, na Mashauri akafuata hadithi kwa masikio kutoka mafichoni.

Usawa aliupenda mno. "Wote ni ndugu hao!" alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma ya televisheni. Ilimradi usawa wenyewe ukae hukohuko kwenye nyota. Maana wiki ya kisa hiki Getrude alikuwa amekubaliwa kwenye mafunzo ya kuendesha treni za chini ya ardhi, Jumatatu anatakiwa kujibu, na mumewe alikuwa amekataa katakata.

"Mama Domina, treni si cherehani," alimwambia mbele yetu. "Abiria wakijua dereva ni mwanamke, watashuka watembee relini."

Mchezo ukaanza. Chombo kikanaswa katikati ya vimondo, nahodha akazimia. Getrude akatafsiri: "Rubani amekaa kwenye usukani. Anasema, 'Tulieni, nitawapitisha.' Mkubwa mmoja anamwambia atoke hapo, hawezi. Wala hageuki kumtazama."

"Mwacheni rubani afanye kazi!" Mashauri akafoka. "Huyo mkubwa ana wivu tu!"

"Amekwepa kimondo cha kwanza. Cha pili. Mikono haitetemeki."

"Huyo ndiye dereva sasa! Huyo hata anipeleke Shinyanga bila taa, mimi nalala fofofo!"

Jirani yetu Wanjohi, Mkenya, alikuwa amejiziba mdomo kwa mto wa kochi. Uzalendo ukamshinda. "Aki Mashauri, si uchungulie umwone huyo rubani wako!"

Mashauri akanyoosha shingo. Kwenye usukani alikaa mwanamke mweusi, anajifuta jasho.

Mkono ukaanguka. Chenga zikajaa.

"Pappa, håll i!" binti yao Domina akalia kwa Kiswidi, yaani baba ashikilie, na baba mtu akadaka antena tena.

"Mbona hukusema ni mwanamke?"

"Nimesema amekaa, nimesema amekwepa," Getrude akajibu. "Ulitaka Kiswahili gani kingine, Baba Domina?"

"Na Kiswahili ni chenu nyinyi Watanzania," Wanjohi akachochea. "Sisi tunaazima tu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya televisheni, ndogo: "Hizo zamu za alfajiri, chai ya mtoto atapika nani?"

"Yule aliyesema mwacheni rubani afanye kazi."

Mwaka uliofuata nilimkuta Mashauri katika treni ya Getrude, behewa la kwanza. Viti vitupu tele, yeye kasimama, mkono juu, kakamata chuma.

"Kaa basi, mzee," nikamwambia.

"Nikae?" akasema. "Nikiachia ikazimika, utasukuma wewe?"